Kinu Kisichosaga

Katika bustani ya Malkia Marie Antoinette, kule Versailles, kuna kinu cha maji. Kimejengwa kando ya ziwa lililochimbwa kwa nguvu za watu, na ubavuni mwake lipo gurudumu la mbao linalosukumwa na kijito. Gurudumu linazunguka vizuri tu. Ndani hakuna jiwe la kusagia, wala halikuwahi kuwekwa. Kinu kilijengwa kionekane kutoka ng'ambo ya maji, jioni, mtu akiwa na mgeni wake na wakizungumza mambo mengine.

Huku kwetu kinu cha kazi hiyo tunakiita mashine. Mama aliyetembea na debe la mahindi kichwani mpaka Maneromango, umwambie mashine ipo, inazunguka, ila haisagi kwa kuwa imewekwa kwa ajili ya macho! Atakuuliza umekunywa nini.

Ninakaa Kibaha. Kila Ijumaa jioni naona magari yakitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, yakipita Maili Moja na Picha ya Ndege, kisha yakikata moja moja kuingia njia za vumbi. Upande wa pili, kupitia Pugu, msafara kama huo unapanda kwenda Kisarawe. Wanakwenda shamba. Neno "shamba" hapo limepata maana mpya: ekari mbili au tano zenye nyumba, ukoka, kuku wa kienyeji na banda la makuti la kukalia. Nimekaribishwa katika baadhi ya mashamba hayo, nimekula vizuri, na nimetoka na maswali ya mtu anayesoma bustani kama anavyosoma kitabu: nani ameiandika, amemwandikia nani, na nini kimeachwa nje ya ukurasa. Maswali hayo ndiyo yaliyonipeleka kwa malkia wa Ufaransa. Bustani yake imechambuliwa kuliko nyingine zote za aina hii, na ramani yake anaipata yeyote mwenye simu.

Nyumba ilitangulia bustani. Petit Trianon ni jumba dogo la mawe lililochorwa na Ange-Jacques Gabriel na kujengwa kati ya 1762 na 1768, ndani ya eneo la kasri kubwa la Versailles. Mfalme Louis wa 15 alilikusudia kwa Madame de Pompadour, kipenzi chake, ambaye alifariki 1764 kabla jumba halijakamilika. Katika mipango ya jumba hilo kuna jambo moja ambalo kwangu ni ufunguo wa yote yaliyofuata. Ilifikiriwa meza ya chakula itakayopandishwa kwa mitambo kutoka chini ya sakafu ikiwa imeshaandaliwa, ili mfalme ale na wageni wake bila kumwona mpishi wala mtumishi. Meza yenyewe haikufungwa. Wazo lake halikufa.

Nje ya jumba palikuwa na bustani ya namna nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapomlaumu malkia kwa dhati, kuliko kwenye kinu. Louis wa 15 alipenda mimea. Akiwa na mtunza bustani Claude Richard na mwanabotania Bernard de Jussieu, alikusanya Trianon mimea ya kila namna kutoka pande nyingi za dunia, na Jussieu akaipanga kwa koo, kila mmea na ndugu zake, kazi iliyosaidia kubadili namna sayansi inavyoitenga na kuiita mimea. Palikuwa na nyumba za kioo zenye joto, na ndani yake mibuni. Mfalme alipenda kukaanga na kupika kahawa yake mwenyewe. Mwaka 1774 mjukuu wake, Louis wa 16, alimpa mkewe jumba hilo. Marie Antoinette alikuwa na miaka 18. Alitaka bustani ya Kiingereza kama mtindo wa siku zile ulivyodai: vilima, vijito vinavyopinda, miti iliyopandwa ionekane imejiotea. Nyumba za kioo zikaondolewa, mimea ikahamishiwa Paris kwenye bustani ya sayansi ya mfalme. Mahali pa vitu vilivyojulikana kwa majina, jani kwa jani, pakawekwa mandhari.

Nikisoma habari hiyo nauona msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Ni msitu wa pwani, wa kale, na ndani yake imo miti ambayo wanasayansi waliipa jina la hapa hapa: Baphia puguensis, Millettia puguensis. Jina la kituo cha treni limeingia kwenye Kilatini. Msitu wenyewe umeliwa na mkaa miaka na miaka, na hayo yameandikwa sana. Lakini ukitoka msituni ukapanda bodaboda dakika chache tu, ukaingia shamba la wikendi, utakuta miashoki imesimama mistari miwili kama askari wa gwaride, utakuta michikichi ya mapambo na maua ya boganvila. Mti wa ukoo wa Pugu sijaukuta hata mmoja. Mwenye shamba amenunua ardhi iliyo jirani na msitu, akasafisha kila kilichoota, kisha akaenda kwenye vitalu vya barabarani mjini kununua "mazingira". Malkia angalau mimea aliyoiondoa aliipeleka Paris.

Hata hivyo nisimnyime haki yake. Kama kazi ya mikono na macho, bustani ile ni nzuri. Mbunifu Richard Mique, akisaidiwa na mawazo ya mchoraji Hubert Robert, alijua kumfanya mtu atembee. Njia inapinda kabla hujachoka. Kilima kinaficha kitu ambacho hatua ishirini mbele kinakufunukia. Kibanda cha nguzo 12 walichokiita Hekalu la Mapenzi, kilichomalizika 1778, kimesimama kwenye kisiwa kidogo mahali ambapo malkia angekiona kutoka dirisha la chumba chake. Na ndani ya jumba, katika chumba chake kidogo cha faragha, kulikuwa na vioo vikubwa vilivyopanda kutoka sakafuni na kuziba madirisha, asionekane na mtu wa nje. Amri za Trianon zilitolewa kwa jina la malkia. Mfalme mwenyewe alikuja kama mgeni.

Kwa mwanamke aliyeletwa nchi ya ugeni akiwa na miaka 14, aliyevalishwa nguo kila asubuhi mbele ya kundi la mabibi wa cheo, haja ya mahali pa kujifungia naielewa kabisa. Wanaomcheka kwa hilo hawajawahi kukaa nyumba ya ukweni iliyojaa mawifi.

Tatizo lilianza alipotaka kijiji. Kuanzia 1783 Mique alimjengea, kando ya ziwa, nyumba zilizochukua sura ya vijiji vya Normandie. Wafaransa wanapaita Hameau de la Reine, na Kiswahili cha Tanzania kina neno lake kamili: Kitongoji cha Malkia. Kitongoji kisicho na mwenyekiti, kisicho na mgogoro wa mpaka. Kuta za nyumba zilipakwa rangi kwa ustadi zionekane zimechakaa. Mafundi walichora nyufa juu ya lipu mpya. Mtu wa Uzaramo aliyejenga kwa miti na udongo, anayekandika upya ukuta kila mvua zikipita, na asome sentensi hiyo mara mbili. Walilipwa kuchora nyufa. Ndani ya nyumba hizo hizo mlikuwa na samani za bei ya kutisha na meza ya biliadi.

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba malkia alivaa kama mchunga kondoo na kukamua ng'ombe waliooshwa. Hadithi hiyo ni tamu, lakini wanaolitunza eneo hilo leo wanaikataa, na mimi naona inatupumbaza. Inatufanya tudhani kosa la kitongoji ni kuwa kilikuwa mchezo mtupu. Hakikuwa. Palikuwa na shamba la kweli, na mkulima wa kweli, Valy Bussard, aliyeletwa na familia yake kutoka Touraine. Palikuwa na ng'ombe, mbuzi, kuku, bustani za mboga, na mazao yalikwenda kwenye majiko ya kasri. Malkia alikaribisha wageni, alitembea na watoto wake, akawaonyesha yai linatoka wapi. Kama mambo yangeishia hapo ningemsifu.

Tazama sasa nyumba za maziwa. Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kutayarishia: humo maziwa yalitolewa mafuta, siagi ikasukwa, jibini ikakandwa, mikono ikalowa. Nyingine ilikuwa ya kuonjea: meza za marumaru, vyombo vya kaure, ubaridi mzuri. Kazi ilifanyika kwenye ya kwanza, kisha matokeo yakapelekwa kwenye ya pili ili malkia na wageni wake wayakute pale, kana kwamba maziwa hujigeuza siagi yenyewe kwenye meza ya marumaru. Na nyuma ya Nyumba ya Malkia kulikuwa na jengo jingine lenye sura ya kibanda cha kijijini. Humo ndimo lilimokuwa jiko, tanuri la mikate, stoo ya vitambaa na vyombo vya fedha. Chakula kilitoka nyuma, kikaliwa mbele.

Ndiyo ile meza ya Louis wa 15, imerudi kwa sura ya kijiji.

Hukumu yangu juu ya Trianon imesimama hapo, kwenye ukuta kati ya nyumba mbili za maziwa, maana starehe yenyewe sina ugomvi nayo. Bustani ya mapumziko hujulikana thamani yake kwa namna ilivyoipangia kazi mahali: imeiweka wapi, imeifunika kwa nini, anayeifanya anaonekana na nani. Majengo yenyewe yametoa ushahidi. Baada ya mapinduzi kitongoji kilichakaa, safari hii kwa nyufa za kweli. Kilipokarabatiwa zamani za Napoleon, nyumba ya kutayarishia maziwa ilibomolewa pamoja na ghala. Nyumba ya kuonjea ipo mpaka leo. Nyumba ya Malkia nayo ilikarabatiwa kwa fedha za Dior, wauza nguo na manukato, ikafunguliwa tena 2018.

Tarehe 5 Oktoba 1789 malkia alikuwa Trianon alipopata habari kwamba wanawake wa Paris wanakuja Versailles kwa miguu. Walikuwa wanadai mkate. Kesho yake familia ya kifalme ilichukuliwa Paris, na hakurudi tena kwenye bustani yake. Alikatwa kichwa Oktoba 1793. Mique, aliyejenga kinu bila mawe, akafuata Julai 1794.

Sasa tuvuke bahari turudi kwetu, maana bustani za namna hii hatukuzijua kwa Wafaransa. Kiswahili kina neno kiunga, nalo lina maana mbili zilizoshikana: bustani ya miti ya matunda, na pembezoni mwa mji. Mwungwana wa pwani alikuwa na nyumba mjini na kiunga nje yake. Mwaka 1850 Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, binti wa ukoo wa mashah, hamamu kule Kidichi, kaskazini ya mji wa Unguja, katikati ya mashamba ya karafuu. Kuta zake zina nakshi za chokaa za mtindo wa Uajemi, maua na ndege. Binti wa Seyyid Said, Salme, ambaye ulimwengu unamjua zaidi kwa jina la Emily Ruete, alimtaja mama huyo katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886: mpenda farasi, mpenda kuwinda, mfujaji. Ndoa ilivunjika, na binti wa shah akaondoka, hamamu ikabaki.

Kidichi ni jengo dogo na ni jengo zuri, na ninaliona ni bora kuliko kitongoji cha Versailles kwa jambo moja: halijisingizii umaskini. Ni hamamu ya binti wa mfalme na inasema hivyo. Lakini hamamu inataka maji na moto, na shamba la karafuu la 1850 lilikuwa la watumwa. Maji hayakujichota, kuni hazikujitembeza. Mgeni anayezungushwa leo huonyeshwa nakshi.

Miaka kumi na kitu baadaye Seyyid Majid, mwana wa Said, alichoka na kelele za Unguja, na wajumbe, na ndugu zake. Akavuka bara, akachagua bandari tulivu karibu na kijiji cha Mzizima, akaanza kujenga kasri na kupanda minazi kwa nguvu za watumwa. Mahali hapo akapaita bandari ya salama. Ndiyo Dar es Salaam. Mji wenye foleni ya Kimara na kelele za Kariakoo ulianza kama mafichoni pa sultani aliyetaka kupumua. Na Uzaramo, yaani Kisarawe na majirani zake, ikawa kiunga cha mji huo: kwanza sandarusi iliyochimbwa ardhini na kusafirishwa ng'ambo, halafu mihogo, nazi, mkaa, na siku hizi viwanja.

Kibaha ilipata bahati ya kujaribiwa kwa wazo lililo kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika na nchi za Nordiki (Denmark, Finland, Norway na Sweden) zilianzisha hapa mradi wenye shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, dhidi ya wale maadui watatu tuliowaimba wote shuleni: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1970 ulikabidhiwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Nao ulikuwa mfano. Neno letu "mfano" linabeba mizigo miwili bila kulalamika: mfano wa kutazama, kama kigari cha mabua anachotengeneza mtoto, na mfano wa kufuata. Kitongoji cha Malkia kilikuwa wa kwanza. Kibaha ilikusudiwa kuwa wa pili: mkulima alikuja, akashika jembe, akajifunza, akarudi kwao na kitu. Mtu anaweza kuuchambua mradi ule kwa mambo mengi, hasa ile imani kwamba mwenyeji atafundishwa kulima na mtu wa nchi ya theluji. Lakini zizi halikuwekwa nyuma ya pazia. Zizi ndilo lililokuwa somo.

Hivyo ninapoingia shamba la wikendi, natafuta limejiweka upande gani wa neno hilo.

Mpango wake mara nyingi ni ule ule. Mbele ukuta wa tofali na geti la chuma jeusi. Nyuma, ambako wageni hawafiki, michongoma au seng'enge. Kutoka geti ni pevingi mpaka uwanja wa magari. Nyumba ina baraza pana. Banda la makuti liko pembeni, la duara, makuti yamefumwa na fundi wa kijijini anayejua kazi yake, na kusema kweli ndilo jengo bora katika eneo zima: linapitisha upepo, halipigi kelele mvua ikinyesha. Kisha yanakuja mapambo ya ushamba. Nimeona mtumbwi mzee umejazwa udongo na maua. Nimeona gurudumu la mkokoteni limepakwa chokaa na kuegeshwa kwenye mti. Nimeona, zaidi ya mara moja, kinu cha kutwangia kimewekwa kando ya mlango, na ndani yake limepandwa ua. Kinu cha mninga, au mti mgumu kama huo, ambacho bibi wa mtu alikitwangia mpaka tumbo lake likawa laini kama kiganja. Mchi sikuuona.

Majiko ni mawili. La ndani lina makabati na jokofu. La nje liko nyuma, karibu na tangi la maji na nyumba ya mlinzi, na ndiko nyama inakochomwa, kuku anakochinjwa na ugali unakosongwa. Mgeni anaonyeshwa la ndani. Kuna mashamba ambayo hata njia ya kwenda jiko la nje imezungushwa nyuma ya ua wa maua ili mwenye sinia asikatize mbele ya waliokaa. Sidhani mwenye shamba ameisoma historia ya Versailles. Mtu akishaamua kwamba mapumziko maana yake ni kutoona kazi, ramani hujichora yenyewe.

Halafu maji. Versailles siku zote ilikuwa na kiu. Louis wa 14 alijenga kule Marly mtambo wa magurudumu 14 kupandisha maji kutoka mto Seine, ukaanza kazi 1684, na bado hayakutosha. Vijana wa chemchemi walipigiana miluzi wafungulie maji mfalme akikaribia na kuyafunga akishapita. Kisarawe inaielewa hesabu hiyo. Mto Ruvu unanywesha Dar es Salaam, na mitambo ya Ruvu Juu iko Mlandizi, huku huku Kibaha. Lakini mji wa Kisarawe ulikaa miaka mingi bila maji ya kutegemewa mpaka mradi wa bomba kutoka Kibamba ulipozinduliwa 2020. Vijiji vya mbali zaidi bado vinajua uzito wa ndoo. Ukoka hauvumilii kiangazi. Mwezi wa Septemba utaliona boza la maji likiingia geti jeusi, na nje ya geti akina mama na madumu ya njano wakilisubiri lipite ndipo wavuke.

Bustani nzuri kuliko zote nilizoziona Kisarawe haina geti. Ni ua wa kawaida wa nyumba ya Kizaramo: mwembe mmoja mkubwa, minazi kadhaa, mikorosho nyuma, ardhi imefagiwa asubuhi mpaka unaona mistari ya ufagio. Chini ya mwembe umetandikwa mkeka. Juu ya mkeka huo mama anasuka ukili, msichana anamenya mihogo, mzee anasinzia, na mgeni akifika anakaribishwa hapo hapo, anasogezewa nafasi. Kazi na mapumziko vinagawana kivuli kimoja. Hakuna nyumba mbili za maziwa. Mtu akitaka kujifunza ubunifu wa bustani kwa hali ya hewa yetu, aanze kwa kupima kivuli cha mwembe saa nane mchana, apime na upana wa mkeka.

Katika shamba moja upande wa Masaki (Masaki ya Kisarawe, ndugu zangu, si ile ya mabalozi) nilikaa na mlinzi wa shamba, mzee wa makamo yale ambayo hutaki kuyauliza. Ekari tatu zile zilikuwa za kwake. Aliziuza kwa ajili ya ada za wajukuu na deni la matibabu, na aliyenunua akamwajiri azitunze. Hakunisimulia kwa uchungu. Bei aliiona nzuri kwa wakati ule. Baadaye barabara ilichongwa, madalali wakaongezeka, na bei ile ikawa kichekesho.

Alinionyesha matuta matatu ya mihogo karibu na banda la makuti, yamepaliliwa vizuri.

"Hii mnaila nyinyi?" nikamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Hii ni ya watoto wa bosi. Wakija Jumapili wanang'oa, wanapigwa picha."

"Wasipokuja?"

"Inakaa. Muhogo ukizidi kukaa chini unageuka kuni." Akacheka. "Mimi unga nanunua dukani."

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya tangi, chumba kimoja, mlango unatazama ukuta. Nikamuuliza: angeachiwa yeye kuchora ramani ya shamba hili, nyumba yake angeiweka wapi? Hakufikiri hata kidogo. Akaelekeza kidevu kule getini, kwenye uwanja wa magari.

"Pale palikuwa na mwembe," alisema.

Nikatazama. Pevingi ilikuwa safi, imeoshwa asubuhi ile, na magari mawili yalikuwa yanaungua jua.